Kidude cha Baba ni Moto

4 Mei

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Usishtuke kupata barua badala ya simu. Simu yangu nimeifungua. Haijaharibika, nimeifungua kwa kazi maalumu, kwa hiyo tafadhali soma hadi mwisho kabla hujaanza kugomba. Ningeweza kuazima simu ya muuza duka hapo jirani, lakini wewe ukipandisha sauti hata wateja wanaacha kuchagua vitunguu wakusikilize.

Baba hajaacha sigara. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba kifua chake kimechoka, na kwenye cheti akaandika: "Mgonjwa aache sigara mara moja." Unamjua baba yako. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Mara moja? Basi nimeshaacha mara moja, Jumanne. Jumatano nikaendelea." Daktari akacheka. Mimi sikucheka, maana mimi ndiye ninayemsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta kila alfajiri.

Basi nimemtengenezea sigara ya umeme kwa mikono yangu. Bomba ni la shaba, nimelikata kwenye fimbo ya pazia la sebuleni. Kitufe ni cha kengele ya mlango. Saketi ya kuchajia ndiyo ile niliyoitoa kwenye simu. Koili, ule waya wa kuchemshia maji ya mvuke, nimeizungusha mwenyewe. Ukiishika mkononi, Dada, unahisi umeshika kitu cha maana.

Kilichobaki ni betri. Kwa sasa ninazo za laptopu moja mbovu, lakini nataka yenye nguvu. Wewe kutwa uko katikati ya betri. Hebu nitumie iliyo bora kuliko zote. Kuuliza si ujinga.

Mdogo wako,
Injinia

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma hadi mwisho kama ulivyoomba, na sasa nagomba.

Kuuliza si ujinga, ni kweli. Ujinga ni kuuliza halafu usisubiri jibu, na nakujua. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa jibu langu ni huu: usimpe Baba hicho kidude mpaka tumalizane.

Unasema unataka betri yenye nguvu. Nguvu ipi? Wateja wangu wote wananijia na neno hilo hilo na kila mmoja ana maana yake. Kuna betri inayokaa na chaji siku nzima, na kuna betri inayoweza kutoa umeme mwingi kwa mkupuo bila kuchemka. Hizo ni nguvu mbili tofauti. Fikiria tangi la maji na bomba lake. Tangi linaweza kuwa kubwa kama nyumba, lakini kama bomba lake ni jembamba na wewe unavuta maji kwa fujo, kitapasuka kitu. Betri ya laptopu ni tangi zuri lenye bomba jembamba. Imezoea kutoa umeme kidogo kidogo, kwa adabu. Koili ya sigara haina adabu. Inanyonya.

Kinachotazamwa kwanza ni ampea ambazo betri inaweza kuzitoa mfululizo bila kuumia, tena zile zilizopimwa, si zile za kwenye ganda. Ganda linaweza kuandikwa chochote. Jana mtu kaniletea betri nyepesi kama kizibo, imeandikwa namba kubwa kuliko betri yoyote niliyowahi kuipima. Nikaikata. Ndani mlikuwa na betri ndogo na unga uliojazwa kama kwenye mto.

Sasa nijibu haya. Koili ina mizunguko mingapi, na waya wake ni mnene kiasi gani? Ganda la plastiki la hiyo betri ni zima, au limechanika? Bomba umelitoboa matundu ya kutolea hewa? Kuna saketi yoyote ya kukata umeme ikitokea shoti? Na hiyo saketi ya simu, umejuaje kwamba inafaa betri hiyo?

Kwenye meza yangu ya kazi hakuna chuma hata kipande, juu ni mbao tupu, na mlangoni kuna ndoo ya mchanga ambayo hakuna anayeruhusiwa hata kuweka mwavuli ndani yake. Watu wazima wenye akili zao tunafanya kazi hivyo. Wewe uko sebuleni na fimbo ya pazia.

Betri sitakutumia. Betri nzuri kwenye koili mbaya ni kumpa mlevi funguo za gari jipya. Jibu maswali kwanza.

Dada yako

*

14 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika, ila imechelewa kidogo, kwa sababu Baba ameshaanza kukitumia. Usikasirike. Nisikilize kwanza, maana hujawahi kusikia jambo kama hili katika familia yetu.

Nilimpa Jumapili. Alikikagua, akauliza kama kina jina. Akabonyeza kengele, akavuta. Mvuke ukatoka mwingi mpaka nikashindwa kumwona. Akavuta tena, na tena. Kisha akakishika kiganjani, akanitazama, akasema, "Kidude chako ni moto."

Baba! Baba yetu huyu huyu! Mtu aliyefanya kazi ya usahihishaji gazetini miaka yote ile, aliyerudisha kadi ya mwaliko wa harusi kwa sababu ya koma. Alisoma barua yangu ya kwanza ya mapenzi na kunirudishia ikiwa nyekundu kuanzia juu hadi chini. Mtu huyo anasema kitu changu ni moto! Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo ili asinione machozi. Nimelikwaruza neno hilo kwenye bomba kwa msumari: MOTO. Sasa ndilo jina lake.

Na sigara amepunguza kweli. Pakiti iliyokuwa inafichwa kwenye kasha la miwani iko pale pale, haijaguswa tangu Jumapili.

Maswali yako: koili ni fupi na nene, ndiyo siri ya mvuke. Ganda la betri lilikuwa limechanika pembeni, nimeliziba kwa rangi ya kucha. Matundu sikutoboa, yangeharibu umbo. Saketi ya kukata umeme haipo, lakini kuna mimi. Baba anakiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na funguo zake, kwa hiyo hakiwezi kupotea.

Umeona? Hakuna kilichoharibika. Tuma tu ile betri, tukiboreshe.

Injinia

*

18 Mei

Wewe mtoto wewe,

Leo sina muda wa salamu.

Baba hajui kwamba "moto" ni sifa! Hebu kumbuka. Nilipomaliza shule nilimwonyesha gauni langu nikamwambia, "Baba, gauni langu ni moto." Akaniuliza kama nimetoka kulipiga pasi. Hakuwa anatania. Kwa Baba moto ni kile kinachounguza, na kitu kizuri huitwa kizuri, tena mara moja kwa mwaka. Alikishika kiganjani, mwenyewe umeandika, alikishika kiganjani ndipo akasema ni moto. Alikuwa anakupa taarifa!

Betri inachemka. Koili yako inaivuta kuliko inavyoweza, ganda limechanika, iko mfuko mmoja na funguo, na bomba limezibwa kote. Betri ikizidiwa inatoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea hiyo si betri tena, ni baruti. Iko kwenye mfuko wa shati. Juu ya moyo wa baba yangu. Halafu unaniambia saketi ya kukata umeme ni wewe!

Nimempigia muuza duka kwa sababu sina njia nyingine ya haraka. Alikuwa na wateja, anakata sabuni, simu inakoroma. Nimemwambia kwa sauti: mwambie Injinia dada yake anasema betri ni moto, aitoe. Amesema sawa. Nimempigia tena, simu haikupatikana.

Ikiwa ujumbe umefika, fanya hivi. Toa betri kwenye bomba, usiichaji, usiiweke na chuma chochote. Iweke nje, mbali na nyumba, kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Bomba livunje. Pazia lirudishiwe fimbo yake.

Ningemwandikia Baba mwenyewe, lakini atanirudishia barua na wino mwekundu, na betri itabaki mfukoni.

Dada yako, ambaye hajalala

*

19 Mei

Dada mpenzi,

Shikamoo nyingi! Salamu zako zimefika. Muuza duka alinipigia ukelele kutoka ng'ambo ya barabara, watu wote wakasikia: "Injinia! Dada yako anasema betri ni moto!" Alitaka kuongeza neno lakini akaitwa na mteja, na kusema kweli sikuhitaji neno jingine.

Nilijua utakubali. Tangu utoto wewe ndiye wa mwisho kukubali, lakini ukikubali unakubali kweli. Nilimwendea Baba nikamwambia, "Hata Dada anasema ni moto." Akaniuliza, "Dada yako amejuaje?" Nikamwambia wewe ndiye mtaalamu wa betri, unajua. Akasema, "Basi wewe umesikia, na yeye amesema." Sikumwelewa vizuri, lakini ndivyo anavyozungumza.

Jambo moja tu limenishangaza. Ameanza kuvaa lile koti lake zito jeusi humu ndani, na joto hili. Kidude anakiweka mfuko wa nje wa koti, amekiviringisha na leso. Nadhani anakitunza.

Mtaani wameshaanza kuniulizia. Fundi viatu anataka cha kwake. Fimbo ya pazia la chumbani bado ipo.

Injinia, fundi wa MOTO

*

22 Mei. Kwa mkono wa dereva wa basi. Apewe mwenyewe mkononi.

TOA BETRI. Si sifa. Unaunguza Baba.

Dada

*

27 Mei

Binti yangu,

Ninayesema ni mimi baba yako. Anayeandika ni mdogo wako, kwa kuwa mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko. Nimemwagiza aandike kila neno bila kupunguza wala kuongeza.

(Shikamoo Dada. Naandika kila neno.)

Hiyo salamu si yangu, lakini iache.

Karatasi yako aliyoileta dereva ilifika Jumapili, na barua yako ya tarehe 18 ikaifuata Jumatatu. Kidude kilikuwa kimemaliza kazi yake Jumamosi. Nilikuwa mezani baada ya chai, nasoma gazeti. Koti likaanza kufoka. Nilidhani ni birika. Kisha ikatoka harufu ya rangi, nikatia mkono mfukoni nikakitoa na leso yake na kukitupa uani. Kilipasukia hewani. Kipande kimoja kimeingia kwenye mlango wa choo na bado kimo. Kama kingebaki mfukoni kwa muda wa kusoma aya moja zaidi, ungekuwa unapokea barua ya mtu mwingine. Daktari anasema vidole vitapona ila kimoja hakitakunjika tena vizuri. Koti ni lile nililofungia ndoa na mama yenu. Sasa lina upande mmoja.

Najua utauliza kwa nini mtu mzima alibeba kitu kilichokuwa kinamchoma. Ndiyo sababu nimeomba kalamu.

Siku ya kwanza nilisema kidude ni moto. Nilimaanisha ni moto. Nilikuwa natafuta mahali pa kukiweka chini. Kisha nikamwona mdogo wako. Uso wake ulibadilika, akatoka nje akashika nguo za kwenye kamba ambazo zilikuwa bado mbichi. Nikauliza kwa fundi viatu, mtu wa maneno ya mjini, neno hilo lina maana gani siku hizi. Akanieleza. Ndipo nikajua mtoto amesikia nini.

(Dada, hapa nimesimama kidogo.)

Andika.

Kazi yangu ilikuwa kusahihisha. Sijawahi kuacha kosa lipite, si la mhariri, si la waziri, wala la watoto wangu. Hili nililiona, kalamu ikiwa mkononi, nikaliacha. Huyu mtoto ameanza mambo mengi: banda la kuku, baiskeli ya matairi matatu, mtambo wa kukamua miwa. Hiki ndicho cha kwanza alichokimaliza, na alikimaliza kwa ajili ya kifua changu. Nilishindwa kumwambia. Nikatafuta koti zito.

Siku aliyoniambia kwamba nawe umesema ni moto, nilielewa ulichosema. Hata hapo sikufungua mdomo. Hilo ni kosa langu, na ni kubwa kuliko la koili. Usimgombeze yeye peke yake.

(Dada, sikujua. Nimekaa naye nyumba moja siku zote hizi na sikujua.)

Hayo maneno ya kwenye mabano si yangu, lakini yaache pia.

Mwisho. Tangu Jumamosi sijavuta chochote. Si kwa kutii cheti. Kiberiti kinahitaji mikono miwili, na mdogo wako amekataa kuniwashia.

Baba yako

*

31 Mei

Baba, shikamoo. Nawe, mdogo wangu, usijifanye huoni, barua hii ni yenu nyote.

Nimelia na nimekasirika, na sijui nianze na lipi. Mmoja wenu anasikia asichoambiwa. Mwingine hasemi anachokiona. Mimi niko katikati, napiga kelele kwa mtu anayekata sabuni. Hivi katika nyumba hii nani atanionea huruma?

Baba, umemlea mtu kwa wino mwekundu tangu anajua kushika kalamu, halafu siku ambayo wino ulihitajika kweli ukauweka mfukoni. Samahani, najua hivi sivyo mtoto anavyozungumza na mzazi wake. Nitakuja kuomba radhi nikiwa nimepiga magoti. Lakini kwa sasa nimesimama.

Shangazi ameshakubali kuja kukaa nawe, anaingia Jumatano. Ana maneno mengi na sarufi mbovu, kwa hiyo hutachoka. Sigara zote zilizo kwenye kasha la miwani atazikuta, nimemwambia.

Injinia, basi la Alhamisi. Njoo na mabaki ya hicho kidude, kila kipande, hata kile cha kwenye mlango wa choo. Njoo bila betri yoyote mfukoni. Utakaa mezani pangu. Hutagusa kitu mpaka uniambie kitu hicho ni nini na kinaweza kufanya nini kikikasirika.

Na ile fimbo ya chumbani iache pale ilipo.

Dada yenu, yaani binti yako na dada yako

*

6 Julai

Baba,

Shikamoo. Kifurushi hiki nimekifunga mimi. Dada amekifungua akakifunga tena.

Mwezi mzima nimefanya kazi ya kukataa betri. Dada ananipa, mimi nazipima na kuzitazama, nasema hapana, na lazima niseme kwa nini. Hii ganda lake limekwaruzwa. Hii ni nyepesi mno kwa namba iliyoandikwa. Hii ni ya kweli lakini imetoka kwenye laptopu, bomba lake jembamba. Siku ya kwanza nilisema hapana bila sababu akanirushia kitambaa cha mafuta. Anagomba tangu asubuhi mpaka anafunga mlango. Mafundi wenzake wameniambia anagomba mtu anapompenda, nikawauliza basi wao anawachukia kwa nini.

Betri iliyomo ndani ya kidude hiki mpya niliichagua mwenyewe. Si ile yenye namba kubwa. Ni ile inayoweza kutoa zaidi ya koili inavyoomba, na koili nimeirefusha ili isiombe sana. Kuna saketi ya kukata umeme, ya kununua, si mimi. Bomba lina matundu. Umbo limeharibika kidogo. Betri ya akiba iko kwenye kisanduku chake cha plastiki na lazima ikae humo humo, wala isionane na funguo. Chaja ni hiyo iliyomo. Usiiache ikichaji ukienda kulala.

Sikuandika jina lolote juu yake.

Baba, naomba kitu kimoja. Kikiwa kibaya, niambie. Chukua wino mwekundu.

Mwanao

*

15 Julai

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Barua yako nimeisoma. Ina makosa mawili. Nimeyawekea alama, na nakurudishia pamoja na hii.

Kifurushi kimefika. Shangazi yako alikiweka kwenye beseni na kukimwagia mchanga, nikamweleza kwamba bado hakijafanya kosa. Nimevuta asubuhi, nikavuta baada ya chakula. Mvuke ni haba kuliko ule wa kwanza. Daktari ameridhika kiasi, ila anasema nacho nikiache. Nimemwomba aandike sentensi inayoeleweka.

Jioni nilikishika katika mkono wangu mbovu, kwa makusudi, maana ndio unaojua kupima. Nilikaa nacho hivyo mpaka shangazi yako akamaliza kusimulia habari za jirani, nawe unajua huo ni muda gani.

Ni baridi.

Usiulize maana yake kwa fundi viatu. Ni sifa.

Baba yako